Neno Nililolipandisha Mlimani

Vijana wangu, siku hizi habari inamfikia mtu mfukoni kabla hajanawa uso. Sisi tuliipeleka kwa Landrova, na Landrova iliposhindwa tuliibeba kichwani. Nilikuwa karani wa habari hapa Same, tangu miaka michache baada ya Uhuru mpaka Ujamaa ulipochoka na mimi nikachoka nao. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea habari zilizoandikwa kwa Kiingereza, kuziweka kwa Kiswahili, kuziandika kwenye mbao za vijiji, kisha kusimama mbele ya watu na kuzieleza. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyoniponza.

Mjukuu wangu mmoja, ambaye naye anasomea mambo ya habari, ameniomba niandike ninayoyajua. Ninayoyajua ni machache, na mengi niliyajua baada ya kuyakosea. Kosa moja ndilo linalonifanya mpaka leo nikipanda milimani nikwepe njia inayopita shuleni, nizunguke kwenye migomba kama mwizi. Lilitokana na neno la Kifaransa, detente. Nitalifikia. Kwanza niseme yale ya kuchekesha, maana nikianza na lile sitaandika jingine.

Chaki, kwa mfano. Ukungu wa milimani hula chaki. Unaandika asubuhi, mchana ubao ni maji matupu. Fundi mmoja alinifundisha kuloweka chaki kwenye maji ya sukari usiku kucha. Ikikauka inashika ubao hata manyunyu hayaiondoi. Ni kweli, inashika. Asichoniambia ni kwamba sisimizi nao wanajua kusoma sukari. Nilirudi kijiji kimoja karibu na Mamba nikakuta habari ya mkutano wa wakulima wa tangawizi imejaa sisimizi, herufi zinatembea. Mbuzi wakamalizia. Mwenyekiti alinipokea kwa uso mkavu, akaniambia kwamba mkutano umeliwa, nipange mwingine.

Kipaza sauti nacho kina adabu zake huku kwetu. Usikielekeze bondeni, kwa sababu mlima wa pili utakujibu. Nilitangaza siku moja kwamba watu wakutane saa nne, na mlima wa ng'ambo nao ukasema saa nne. Wa ng'ambo walikuja saa nane, na walipoulizwa wakasema wamesikia nne mbili, wakazijumlisha. Walikuwa wananitania, lakini tangu siku hiyo nilijifunza kusema neno, kunyamaza, kuuacha mlima umalize, ndipo niendelee.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkubwa wangu wa ofisi, Bwana Chande, mtu wa Lindi, mrefu, mpole, aliyeteswa na baridi ya milima kiasi cha kuvaa soksi juu ya soksi. Hakuwa na mafunzo mengi ya maneno. Alikuwa na moja tu, na aliligeuza kila upande. Aliniambia, "Neno usilolijua, sema hulijui. Watu hawafi kwa kusubiri maana." Mimi nilikuwa nimesoma sekondari, nikiwa miongoni mwa wachache wa wakati wetu, na nilidhani maneno hayo yanawahusu makarani ambao hawakufika nilipofika.

Kwa hiyo nilieleza kila kitu. Nilieleza mwezini kuna nini. Nilieleza mafuta ya taa yamepanda bei kwa sababu gani. Siku moja, katika kijiji kilicho juu kabisa, upande wa Vudee, nilikuwa nikieleza habari za vita baridi kati ya Wamarekani na Warusi. Bibi mmoja aliyeitwa Nakijwa, mjane mwenye shamba la maharage na ulimi usiolala, aliinuka akasema kwamba kama vita hiyo ni ya baridi, basi afadhali wapeleke taarifa mapema, kwa kuwa baridi yote ya wilaya iko kwao, na yeye hana blanketi la ziada la kumpa Mrusi. Watu walicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo." Akasema, "Marahaba, lakini hujanijibu." Nikafunua karatasi nyingine. Nami nilikuwa sijui hasa kwa nini inaitwa baridi.

Vijiji ninavyotaka kuwaeleza habari zake sitavitaja kwa majina. Watu wake wapo, na watoto wa watu wake wapo. Nitaviita Juu na Chini, kwa kuwa kimoja kiko juu ya mfereji na kingine kiko chini yake. Bibi Nakijwa alikuwa wa Juu. Wa Juu vilevile alikuwa Mbonea, ndugu wa mke wangu, tuliyeitana shemeji na kutaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Yeye alisema dada yake ameolewa na mdomo. Mimi nilisema mdomo huo ndio ulioilipa mahari.

Kati ya vijiji hivyo kulikuwa na ndiva. Ninyi mliozaliwa mjini, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilichimba kwenye kitako cha mlima. Mfereji unalijaza usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu: siku za Juu na siku za Chini. Tundu la kutolea maji linazibwa kwa mti mnene, na mti unakandikwa kwa udongo wa mfinyanzi na magome ya migomba. Kila ndiva ina desturi zake. Ya hapo ilikuwa hivi. Jioni, wakati wa kuziba, lazima wawepo watu wawili, shahidi wa Juu na shahidi wa Chini. Wanauzunguka ukingo wote kwa miguu, wanaziba pamoja, na udongo ukiwa bado mbichi kila mmoja anabandika kiganja chake juu ya kizibo. Asubuhi wanarudi wote wawili. Viganja vikiwa vipo kama walivyoviacha, ndipo wanashika mti na kuuvuta kwa pamoja. Basi.

Mbonea ndiye aliyekuwa shahidi wa Juu. Baba yake alikuwa shahidi kabla yake. Niliwahi kumfuata jioni moja nikamkuta amekaa ukingoni na mwenzake wa Chini, wanakula makande kwenye bakuli moja na kutukanana taratibu juu ya nani mwizi zaidi. Mwenzake alisema watu wa Juu wangeweza wangeyaziba hata machozi yasishuke bondeni. Mbonea alisema watu wa Chini wanakunywa mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa malalamiko. Kisha wakanawa, wakabandika viganja. Mimi nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini nikawahurumia. Nilijisemea kwamba watu hawa, nchi imekwisha kuwa huru, bado wanalindana kama maadui.

Neno lilikuja kwenye karatasi za habari, kama mengine. Wakubwa wa dunia walikuwa wameanza kutembeleana na kuzungumza, na wenye kuandika Kiingereza hawakuona neno lao la kutosha, wakaazima la Wafaransa. Detente. Bwana Chande alilisoma, akalirudia, akasema, "Hili mimi silijui. Waandikie kwamba mataifa makubwa yanapunguza mvutano, neno lenyewe liache." Nikamwitikia. Lakini neno lenyewe lilinipendeza. Lilikuwa na sauti ya kitu kilichovaa suti. Nilipanda nalo mlimani.

Wiki ile katibu wa kata alikuwa ametuomba twende na jenereta na filamu, kwa sababu kiangazi kilikuwa kikianza na vijiji vile viwili vilikwisha kuanza kununiana juu ya maji, kama walivyonuniana kila kiangazi tangu kuumbwa kwa mlima. Bwana Chande alikuwa na homa, nikaenda na dereva. Watu wa Juu na wa Chini walikutana kwenye uwanja wa shule. Kabla ya filamu nilisoma habari, na nilipofika kwenye neno langu nilisimama, nikauacha mlima ulirudie.

Bibi Nakijwa akainuka. Aliuliza, "Hiyo detente ndiyo nini, mwanangu?"

Ningeweza kusema sijui. Nimeirudia dakika ile mara nyingi, na kila mara mdomo wangu una nafasi ya kusema sijui. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa Juu yupo, wa Chini yupo, katibu wa kata yupo, mke wangu yupo na ndugu zake. Nikasema, "Detente ni maadui kuaminiana. Huyu anaondoa walinzi wake, na yule anaondoa wake, wanaishi kama ndugu."

Hapo ningenyamaza, dhambi ingekuwa ya neno tu. Lakini watu walikuwa wananisikiliza, na kusikilizwa ni pombe. Nikawauliza, ikiwa Mmarekani na Mrusi wenye mabomu wanaweza kuaminiana, ninyi wa mlima mmoja na ubatizo mmoja, mnalindana kwenye bwawa la maji kwa nini? Kijiji cha ujamaa kina mashahidi wa nini? Ndugu anambandikia ndugu yake kiganja cha tope kama polisi? Walipiga makofi. Mwenyekiti wa Chini alipanda jukwaani akamkumbatia mwenyekiti wa Juu. Katibu wa kata akasema tulipitishe palepale, na likapitishwa: mashahidi waondoke, atakayemaliza zamu ya kumwagilia azibe mwenyewe na kwenda zake.

Baada ya filamu Mbonea alinisindikiza kwenye gari. Hakuwa na utani. Akaniuliza, "Shemeji, una hakika na neno lile?"

Nikasema, "Nina hakika."

"Maana baba hakunieleza kwamba kile kiganja ni uadui."

"Mambo ya kale yana mwisho, shemeji."

Akanipa mkono, akarudi kwake. Huo mkono ukumbukeni.

Yaliyofuata nimeyaunganisha kutoka kwa watu wengi, kwa kuwa mimi nilikuwa chini Same nikiandika juu ya mafanikio ya vijiji viwili vilivyofuata mfano wa dunia. Niliiandika habari hiyo kwa chaki ya sukari. Bwana Chande aliisoma, akauliza kama wenyewe ndio waliotaka. Nikasema ndiyo.

Maji ya ndiva yakaanza kupungua. Watu wa Chini wanaamka siku ya zamu yao, wanavuta mti, maji yanakatika kabla hayajafika nusu ya mashamba. Wakasema Juu wanafungua alfajiri wanawaibia. Watu wa Juu nao katika siku zao wanakuta vilevile, wakasema Chini wamepekecha tundu la siri. Zamani Mbonea na mwenzake wangeamua jambo hilo kabla ya chai: viganja vipo au havipo. Sasa hapakuwa na viganja, kwa hiyo kila mtu alikuwa na ushahidi wake, nao ulikuwa kichwani mwake. Watu waliacha kuamkiana kanisani. Kwaya ikagawanyika. Mama mmoja aliyetoka Juu na kuolewa Chini alirudishwa kwao na kitanda chake.

Na hakuna aliyekuwa anaiba. Ilikuwa fuko. Fuko alikuwa amechimba kwenye ukingo, upande wa vichaka, na maji yalikuwa yanapita polepole ardhini usiku kucha. Ile desturi ya kuuzunguka ukingo kwa miguu kabla ya kuziba, ambayo mimi niliiona ni ya polisi, ndiyo iliyokuwa inayaona mashimo ya mafuko miaka yote.

Mbonea hakuweza kukaa. Alfajiri moja, katika siku ya zamu ya Chini, alichukua jembe akaenda peke yake kuuzunguka ukingo. Akalipata shimo. Akaanza kulipanua kidogo apate kulijaza mfinyanzi, kama inavyotakiwa, na alipolipanua maji yakamtoka miguuni. Wanaume wa Chini walikuwa wamepanda wakati uleule kumvizia mwizi. Fikirini walichokiona: mtu wa Juu, alfajiri, jembe mkononi, na maji yao yanakimbia.

Alipiga kelele akiwaambia watazame shimo. Walilitazama baadaye. Mmoja wa waliompiga alikuwa yule mwenzake wa makande, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona shimo, akatupa fimbo, akakaa chini palepale kwenye tope. Mkono wa kulia wa Mbonea ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Walimbeba wao wenyewe kwenye machela mpaka barabarani. Hospitali walifanya walichoweza, lakini vidole vilijikunja na havikukunjuka tena.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya nizunguke migombani.

Tulipandishwa tena, safari hii mimi na Bwana Chande, kutuliza watu. Juu walikuwa wanataka kushuka Chini na mapanga. Baraza lilikaa mchana kutwa. Kila upande ulisema mwingine ndio uliotaka mashahidi waondoke. Bwana Chande alinigeukia, mbele ya wenyeviti wote wawili, akaniuliza kwa upole, "Wewe ulikuwepo. Nani aliwaambia waondoe mashahidi?"

Nikasema, "Wenyewe waliamua, bwana."

Ilikuwa kweli. Mikono iliinuliwa, mimi nilihesabu. Kuna ukweli ambao ni mchafu kuliko uongo, na huo ni mmojawapo. Katibu wa kata alitazama pembeni, kwa sababu naye alikuwa na lake la kuficha. Bibi Nakijwa alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu.

Nikapewa kazi ya kuandika ubaoni neno la kutuliza. Niliandika kwamba wakorofi wachache wamejaribu kuvuruga umoja wa vijiji. Mbonea alitoka hospitali, mkono kwenye kitambaa shingoni, akapita pale shuleni, akaisoma. Mimi nilikuwa nafunga waya za kipaza sauti. Alisoma mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Na mimi nimo kati ya hao wakorofi, shemeji?" Nilijifanya waya umenishinda. Alisubiri kidogo, akaenda zake.

Maana ya neno niliipata bila kuitafuta, na hilo nalo ni aibu, kwa kuwa ningeweza kuitafuta tangu mwanzo. Pale karibu na stesheni kulikuwa na mgahawa nilikokunywa chai, na mwalimu mmoja Mrundi, aliyefundisha hesabu sekondari na kukichanganya Kiswahili chetu na Kifaransa chake, alikuwa akikaa hapo. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: detente ni nini hasa kwenu?

Hakunijibu kwa mdomo kwanza. Alichukua ufito kwenye ua wa mgahawa na kipande cha kamba ya katani, akaukunja akaufunga, ukawa upinde mdogo. Kisha akaifungua kamba upande mmoja, ufito ukanyooka. Akasema, "Hiyo." Neno hilo, alinieleza, limetokana na kulegeza kitu kilichokazwa, na watu huanza kulieleza kwa upinde na upote wake, yaani ile kamba. Upinde ukikaa umekazwa siku zote mti wake unachoka, na mkono wa mwenyewe unachoka, na siku moja mshale unatoka bila kutumwa. Basi unaulegeza. Huutupi. Huuvunji. Unautundika mahali unapouona, na kesho unautazama tena, na mwenzako naye anautazama wake. Kisha akacheka kidogo akasema Wafaransa wana mambo, kwa sababu hata ile sehemu ya bunduki inayovutwa kwa kidole wanaiita jina hilohilo, kwa kuwa nayo inaachia kilichokazwa.

Nikamuuliza, "Na kuaminiana je?"

"Kuaminiana?" alisema. "Hapana. Watu wanaoaminiana hawana haja ya neno hilo."

Chai yangu ilipoa pale. Nilikuwa naona udongo mbichi na viganja viwili. Bakuli moja la makande, matusi ya taratibu, miguu miwili miwili ikiuzunguka ukingo kila jioni ya Mungu. Upinde uliolegezwa na wazee ambao sikuwajua majina, ukatundikwa mahali kila mtu anauona. Dunia nzima ilikuwa inalitafuta jambo lile kwa ndege na mikutano, na Juu na Chini walikuwa nalo tangu babu zao. Mimi nikapanda na jina lake nikaliondoa.

Mngedhani nilikimbia siku hiyohiyo kwenda kusema. Sikukimbia. Mvua zilikuja, ndiva ilijaa, ugomvi ukapoa kama unavyopoa mvua zikija, na mimi nikajiambia kwamba limepita. Nilipitisha masika yote na hilo. Mke wangu alikwenda kwao na kurudi, akanieleza Mbonea anajifunza kulima kwa mkono wa kushoto, nami nilisema pole kama anayesikia habari za jirani.

Aliyenitoa ni Bwana Chande, naye alinitoa kwa kuondoka. Alihamishwa, akarudi kusini kwenye joto lake. Jioni ya kufunga mizigo nilimwambia. Nilimwambia yote: kwamba sikulijua neno, kwamba mimi ndiye niliyewashauri, kwamba nilimdanganya mara mbili. Alikuwa anakunja soksi zake. Akasema alijua tangu barazani, alikuwa anasubiri. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Usiniombe mimi. Mimi sinywi maji ya ndiva ile."

Nilipanda bila Landrova na bila kipaza sauti. Niliomba wenyeviti wawili waitishe watu baada ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo huku kwetu hakuna anayekosa, maana walikuwa wanazoa tope la ndiva kabla ya kiangazi kingine. Juu walikuwa upande wao, Chini upande wao, majembe yamelazwa. Nikasema lile neno sikulijua. Nikasema niliwaambia maana niliyoitunga nikiwa nimesimama, na maana yake ya kweli ni ile desturi yao niliyowaondolea. Nikasema ukorofi niliouandika ubaoni ni wangu.

Kisha Bibi Nakijwa akauliza, "Sasa ulisema kwa nini?"

"Niliona haya kusema sijui, bibi."

"Na leo?"

"Leo naona haya zaidi."

Akatikisa kichwa, akasema kwamba haya hiyo ningeinunua siku ile ingekuwa rahisi. Kijana mmoja wa Juu alisema nirudishwe Same kwa mateke. Wengine walitaka nitoe mbuzi. Yule mwenzake Mbonea wa Chini, aliyetupa fimbo, alisema jambo jingine. Alisema mashahidi warudi, lakini yeye hawezi tena kukaa karibu na Mbonea, macho yake hayamudu, na hajui nani wa Chini atakayemudu mwanzoni. Basi huyu karani na akibandike yeye kiganja cha Chini, mpaka Chini wapate uso wa kumtazama Mbonea. Mbonea alikuwa amekaa kwenye jiwe. Wakamuuliza kama anakubali. Akainua bega moja.

Ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwa na mshahara. Jioni za zamu ya Mbonea nilipanda kutoka Same, nikalala kwake, nikashuka asubuhi na tope kwenye shati la ofisi. Niliifanya mpaka Chini walipopata uso, na ilichukua muda.

Nikiwaambia vijana siku hizi wasione aibu kusema hawajui, wananiitikia, "Sawa, babu," vidole vikiendelea kuandika. Siwalaumu. Nami niliitikia hivyohivyo.

Jioni ya kwanza tuliuzunguka ukingo bila kusemezana. Aliukanyaga kila mahali kwa kisigino, mimi nikafuata nikikanyaga alipokanyaga. Tulikandika udongo, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa miwili. Nilibandika kiganja changu. Alinitazama nilipokiondoa, kisha akabandika wake wa kulia, ule ulionipa siku ile kwenye gari. Angeweza kutumia wa kushoto. Vidole havikukunjuka, kwa hiyo kando ya kiganja changu palibaki alama ya mviringo, kama ya ngumi ya mtoto.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Tuliinama, tukatazama. Alama zote mbili zilikuwepo.

Mbonea akasema, "Shemeji, wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Mimi bado sikuamini," akasema. "Shika mti, tuvute."

Tukavuta pamoja, na maji yakaanza kushuka kwenda Chini.